Shikamoo Iliyonitoa Sokoni

Sogeeni niwaambie jambo, na kama una miaka thelathini na kitu, sogea zaidi, maana habari hii ni yako kuliko yangu. Mimi imeshanipita.

Ipo nchi moja. Ni nchi nzuri tu, ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko mabomba ya maji. Jina lake siliandiki, si kwa woga, ila sina hakika kama bado naruhusiwa kulitumia. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Hidaya. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkiona mahali sikueleza kitaalamu, mjue utaalamu haukunifikia. Nawaandikia yale niliyoyaona kwa macho yangu, ambayo kwa bahati Serikali haijayachukua.

Katika nchi hiyo kuna Wizara ya Wateja na Tabasamu. Waziri wake ni Mheshimiwa Lumuli Chekanao, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, ambaye pia ni Mwenyekiti wa Vijana wa Taifa. Cheo hicho cha ujana alikipata akiwa kijana kweli, na tangu hapo hajatokea kijana wa kumshinda. Nywele zake ni nyeusi kuliko buti la askari. Wajukuu zake wanamwita Kaka Lumuli, na anayekosea hapewi soda.

Siku moja Mheshimiwa alituita uwanjani, tukasimama juani, akatuhutubia.

"Ndugu wananchi, soko lina macho mawili tu. Macho mawili hayawezi kumtazama kila mtu. Tukiyachosha kwa kutazama wazee, yatapofuka. Soko likipofuka, uchumi utajikwaa. Na uchumi ukijikwaa, mtakaoanguka ni ninyi, si mimi."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka. Si alisema wazee? Nilikuwa na miaka hamsini na sita, nikawa nawaonea huruma hao wazee, popote walipo.

*

Likabaki swali dogo: mzee atajulikanaje? Vyeti vya kuzaliwa havikufaa, maana nusu ya watu wa nchi ile walizaliwa mwaka wa nzige, na nusu nyingine walipunguza miaka ili wapate ajira. Wataalamu wakapelekwa ng'ambo kujifunza. Wakarudi na suti nzuri sana, jibu hawakulipata.

Ndipo Mheshimiwa akakumbuka kwamba kipimo tunacho nyumbani, tena cha bure. Hakuna mtoto aliyelelewa atakayemwamkia shikamoo mtu asiyestahili, na hakuna mtu mzima aliyelelewa atakayeiacha shikamoo bila marahaba. Basi ikapitishwa sheria: yeyote atakayeamkiwa shikamoo ndani ya duka, benki au ofisi, naye akaitika marahaba mbele ya mashahidi wawili, amestaafu uteja kuanzia dakika hiyo. Hakuna mashine, hakuna umeme. Wafadhili waliisifu sana.

Wahudumu wa maduka wote wakafundishwa upya. Akiingia mtu, hata kama meno yako mfukoni, aambiwe, "Mambo, mrembo." Watu nao wakabadilika. Ukiona mtoto mwenye adabu anakuja barabarani, watu wazima wanavuka upande wa pili, ingawa sheria ni ya ndani tu, lakini nani ana uhakika? Akina mama wakawafinya watoto wao ili waache kuamkia. Jirani yangu Bi Stara, mjane kama mimi na ananizidi miaka, akabuni njia yake: kila anapoingia dukani anaingia na funda la maji mdomoni. Aamkiwe asiamkiwe, hawezi kuitika. Ananunua kwa kunyoosha kidole, mashavu yamejaa kama mpiga tarumbeta. Nilimcheka. Ningejua, ningemwomba anionyeshe anavyohema.

*

Sasa nije kwenye godoro, maana msiba wangu wote ni godoro.

Godoro langu lilinunuliwa Hidaya akiwa ananyonya. Baba yake alilala upande mmoja, mimi upande mwingine, mtoto katikati. Mtoto akakua akaondoka, baba akatangulia mbele ya haki, lakini lile bonde la katikati lilibaki. Ukilala ukutani, asubuhi unajikuta bondeni. Mgongo wangu ukawa haunyooki. Naamka kwa awamu: kwanza kichwa, halafu naomba dua, halafu kiuno, halafu napumzika nikiwa nimeshika kitanda, ndipo miguu.

Nilikuwa nakaanga bagia. Nikaweka pesa mpaka ikatosha, nikasema sasa na mimi nitalala. Nikapaka nywele dawa, nikavaa raba za Hidaya, nikaenda duka la Usingizi Bora.

Mhudumu alikuwa kijana anaitwa Festo, mwembamba, shati limechomekewa vizuri.

"Mambo, mrembo," akasema, macho chini, kama mtu anayesema neno la kigeni.

"Poa," nikajibu, neno ambalo sijawahi kulitamka mbele ya watu.

Desturi ya duka lile ni kwamba godoro halinunuliwi bila kulalwa. Unavalishwa mifuko ya plastiki miguuni, unapanda, unalala, watu wanapita. Nikalala. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Mgongo wangu ulinyamaza. Miaka yote ile ulikuwa unasema, mara moja ukanyamaza kama redio iliyokatiwa umeme. Nikamwambia Festo, hili hili, funga, nalipa.

Tatizo likawa kuamka. Nilipoinua kichwa, kiuno kikakamata. Nikaguna. Festo, ambaye ni wazi kuna mwanamke mahali alimlea, akaja mbio, akanishika kiwiko kwa mikono miwili, akainama kidogo, na maneno yakamtoka kabla hajayazuia.

"Pole, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa manunuzi yangu ya mwisho. Mume na mke waliokuwa wanachagua mito wakageuka, wote wawili. Mashahidi wametimia. Kengele ya ustaafu ikalia. Festo akaziba mdomo wake, halafu, masikini, akajaribu kuziba wangu.

Meneja akatoka ndani. Sheria inamruhusu kumwona mstaafu kwa dakika moja ya mwisho, ya kumjulisha.

"Mama," akasema, "godoro hili lina dhamana ya miaka kumi. Wewe una dhamana ya miaka mingapi?"

Nikamwambia sijui, mimi sikupewa risiti.

Akatazama saa yake. Dakika ikaisha, na macho yake yakanipita yakaenda mlangoni kumkaribisha mtu mwingine. Walilisukuma godoro kurudi mahali pake. Niliondoka na mifuko ya plastiki miguuni, hakuna aliyenivua.

*

Msije mkadhani Serikali yetu haina shukrani. Kila Ijumaa wastaafu wa uteja wa wiki hiyo wanaagwa ukumbini, kwa muziki na keki. Mnaketi mstari wa mbele, mnasomewa mchango wenu kwa soko: huyu alinunua sabuni kwa uaminifu, yule hakuwahi kurudisha kitu. Kisha Mkuu wa Kitengo cha Kuaga anapita kumlisha kila mstaafu kipande cha keki kwa kijiti.

Mkuu huyo wakati wangu alikuwa Hidaya. Mtoto wangu. Tangu alipoajiriwa pale alikuwa ameacha kuniamkia shikamoo hata nyumbani, nikija ananiambia, "Mambo, mama," anasema mdomo ukizoea nyumbani utateleza kazini. Nilimwelewa. Kazi ni kazi.

Ijumaa yangu alipita mstarini, akafika kwangu. Kijiti kilitetemeka kidogo tu.

"Hongera, mstaafu," akasema. "Soko linakushukuru."

Nikafumbua mdomo. Mimi ndiye niliyemlisha uji huyu, kwa kijiko cha bati, akitema. Keki ilikuwa nzuri lakini kavu.

Tukapewa na zawadi: kopo la dawa ya kuchua magoti. Juu ya kopo kuna picha ya msichana wa miaka ishirini ameshika goti lake anacheka. Nilimuuliza Hidaya baadaye kwa nini wasiweke mtu mwenye goti linalouma. Akanieleza kwa upole kwamba utafiti umeonyesha sura ya mzee inaondoa hamu, hata ya dawa.

*

Baada ya hapo simu yangu ikanyamaza. Mimi nilikuwa nalaani zile meseji. Ndugu mteja umeshinda, ndugu mteja ongeza bando, ndugu mteja usikose ofa ya leo. Nikiwa natia hamira inalia, nikiwa chooni inalia. Nilipostaafu nikasema alhamdulillahi, nitapumzika. Siku ya kwanza nikapumzika. Baadaye nikawa naigeuza simu kuangalia kama imekufa.

Kampuni moja tu haikuniacha, ya bima ya mazishi. Kila asubuhi, nikiwa na chai mkononi: "Habari ya leo? Usiwaachie mzigo uwapendao." Siku za mwanzo nilikasirika. Baadaye nikaanza kuisubiri. Ndiyo pekee iliyokuwa inaniuliza habari ya leo.

Dukani nasimama kaunta, wanamhudumia aliye nyuma yangu kupitia bega langu. Nimewahi kunyanyua kipande cha sabuni juu, muuzaji akamuuliza mwenzake nani ameacha sabuni inaelea. Lakini hatukutupwa. Nyuma ya soko kuna Dirisha la Huruma, la wastaafu. Pale wanauza unga wa uji, tochi, dawa ya magoti na sanda. Niliulizia godoro. Wakaniambia wana mkeka.

Nikamfuata Hidaya kwake. Nilipanga njiani maneno yote, nikifika yakapungua.

"Mwanangu, pesa ninayo. Wewe ingia tu dukani, lala, amka, lipa."

"Mama, hiyo inaitwa kumwazima mtu macho. Watu wanafungwa."

"Macho hayo si nilikuzaa nayo mimi?"

"Nilizaliwa nayo, lakini yako kazini, mama."

Hakusema kwa ubaya. Alinishika bega, akaniongezea kopo lingine la dawa. Nikamwangalia kichwani, karibu na sikio, nikaona unywele mmoja mweupe umejikunja. Hidaya ana miaka thelathini na minane. Nikamwambia awe anakwenda kazini na funda la maji kama Bi Stara, hata la chai, chochote.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Nani wa kuniamkia shikamoo ofisini, mama? Wale wote ni marafiki zangu. Tunaitana dia."

Nilirudi nyumbani sijacheka. Mzazi akishaona kitu hawezi kukirudisha kisionekane.

*

Bi Stara, akiwa ametema maji yake, aliniambia ipo Ofisi ya Rufaa ya Marahaba. Iko ghorofa ya sita, na lifti ni ya wateja. Nikapanda ngazi, nikipumzika kila zilipokata kona, mpaka nikafika.

Karani alikuwa mwanamke wa rika langu kabisa, chini ya wigi la rangi ya machungwa. Alinisikiliza, akafungua kitabu cha sheria, akaniambia marahaba haifutiki ila kwa njia moja: niape kwamba shikamoo ya Festo haikuwa ya heshima, ilikuwa ya dhihaka. Nikiapa hivyo, marahaba yangu inageuka kuwa makosa ya kusikia, uteja narudishiwa, na godoro naweza kulichukua siku hiyo hiyo.

"Na Festo?" nikauliza.

"Festo atafungwa. Kudhihaki mteja ni miaka mitatu."

Nikauliza kwa sasa yuko wapi. Akaangalia mlango kwanza, akashusha sauti, na nikaona anazuia kicheko. Festo alikuwa amepelekwa Chuo cha Kusahau Adabu, kozi maalumu ya wahudumu waliolelewa kupita kiasi. Anafanya vibaya sana. Kila asubuhi anasahau kwamba anatakiwa kusahau, anawaamkia walimu ofisini mwao. Walimu wanne wameshastaafu uteja kwa sababu yake, na mkuu wa chuo anafundisha akiwa ameziba masikio kwa pamba.

"Unaapa, dada?" akaniuliza. Aliniita dada. Sijui kama ndiyo taratibu au ni yeye tu.

Nilifikiria godoro. Nilifikiria vile mgongo ulivyonyamaza. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka, nawaambia ukweli, ulifika usawa wa bega. Halafu kiwiko kikakumbuka kile kiganja, viganja viwili, jinsi kijana alivyonishika kama anabeba yai. Nikashusha mkono.

Kushuka ngazi ni kugumu kuliko kupanda, hilo nalo hawaandiki popote.

*

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penyewe.

Festo alifeli chuo. Katika nchi ile, kijana akifeli kila mahali, na hakuna duka la kumchukua, anapelekwa wizarani. Wakampeleka Wizara ya Wateja na Tabasamu, ajifunze kazi, na kwa kuwa hakufaa kuonana na wateja, wakampanga mahali ambapo wateja wanaishia. Kitengo cha Kuaga.

Yaliyotokea nimeyapata kwa Hidaya mwenyewe, kwa vipande vipande, siku nyingi. Anasema alikuwa mezani ameinama, anachagua rangi ya keki ya Ijumaa. Marafiki zake wawili walikuwa dirishani wanakunywa kahawa. Mlango ukagongwa, akaingia kijana mwembamba, shati limechomekewa. Akapiga hatua, akainama, akasema shikamoo.

Hidaya anasema aliiona inakuja. Anaijua sheria, yeye ndiye anayeifundisha. Alijua afanye nini: akohoe, aanguke, aangushe kikombe, lolote. Lakini neno hili halipiti kwenye akili. Niliiweka mimi marahaba ile mdomoni mwake, akiwa hajaota meno ya mbele, alipokuwa anamwitikia mwanasesere wake. Ikatoka yenyewe, laini kabisa.

Marafiki wakaweka vikombe chini. Dia mmoja akabonyeza kengele.

Festo wanasema alilia. Amepandishwa cheo sasa, Wizara imegundua ana kipaji, wanampeleka taasisi mbalimbali kupunguza wateja ambao umri wao unatiliwa mashaka. Mheshimiwa Waziri amemsifu kwa simu. Hakutaka kuonana naye ana kwa ana.

Ijumaa hiyo jioni nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua kunde. Nikamwona Hidaya anakuja na mkoba, na mkono wa pili ameshika kitu kwenye karatasi. Nilijua kabla hajafika. Ilikuwa keki, kipande alichokuwa hajaweza kukimeza, na kopo. Yule msichana wa kwenye kopo anacheka vilevile.

"Nani alikulisha?" nikamuuliza.

Akataja jina la dia wa kengele. Ndiye Mkuu wa Kitengo sasa, ana miaka ishirini na minne. Alimwambia, "Hongera, mstaafu," na hakutetemeka.

Bi Stara alipita akielekea dukani, akasikia, akasimama. Alitaka kutupa pole, lakini mashavu yalikuwa yamejaa. Akamshika Hidaya mkono, akambana sana, machozi yakamtoka juu ya maji. Akaendelea na safari yake. Ana haki. Sabuni imemwishia.

Nyumba ya Hidaya ni ya Wizara, ilibidi atoe funguo. Nikamwambia kitanda kipo. Akapanda upande wa baba yake, mimi upande wangu, na kabla hatujamaliza kujifunika tukaviringika wote wawili tukakutana bondeni, bega kwa bega.

"Mama," akasema. "Kumbe ndilo hili godoro."

"Ndilo hili."

Akalipapasa lile bonde kwa kiganja. Nadhani alikuwa anakumbuka maneno yake kwamba macho yake yako kazini. Sikumkumbusha. Simu yake ikalia, akairukia gizani kwa haraka ya mtu anayesubiri kuitwa. Akasoma kwa muda mrefu meseji ambayo ni fupi. Naijua, ninayo kama hiyo. Akaiweka kifudifudi kifuani.

Ninyi ambao bado mnaitwa mrembo dukani, sina la kuwafundisha. Nimejaribu kutafuta mahali ambapo ningeweza kupindisha mambo yakaenda vingine, na kila nikifika hapo namkuta mtu ameshikwa kiwiko. Nawaambia tu muone inavyotembea. Haitembei polepole. Wanasema Mheshimiwa anaandaa hotuba mpya, kwamba kati ya yale macho mawili ya soko, moja nalo limechoka. Basi angalieni karibu na sikio lenu. Bebeni maji.

Asubuhi niliamka kwanza, yaani kichwa changu kiliamka. Nikawa naomba dua. Pembeni yangu Hidaya akafumbua macho, akatazama dari, akajaribu kuinuka, akaguna. Alikuwa bado hajajua kwamba hapa watu huamka kwa awamu. Akanigeukia. Nilidhani ataniambia mambo, kama alivyozoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Tulisubiri wote wawili, sijui kwa nini. Hakuna kengele iliyolia. Nikampa mkono, akanipa wake, tukaanza kuvutana kutoka bondeni.